Saa ya Siku na Saa ya Maji: Uhakiki wa Ushahidi wa Jeni katika Kuzeeka kwa Wanyama wa Bahari

Dai kwamba utendaji wa jeni za saa ya kibayolojia hudhoofika kwa uzee limejengwa zaidi juu ya wanyama wa nchi kavu, hususan nzi wa matunda na panya. Tangu Konopka na Benzer walipobainisha jeni ya period katika nzi mwaka 1971, saa inayochunguzwa zaidi ni ile ya siku, yenye takribani saa 24. Wanyama wengi wa pwani, hata hivyo, hufuata pia kujaa na kupwa kwa maji, kila baada ya takribani saa 12.4. Dai hilo haliwezi kuhamishiwa kwao bila kupimwa upya.

Ushahidi wa krasteshia wawili unabainisha tatizo. Katika Eurydice pulchra, utafiti wa mwaka 2013 ulionesha kwamba kupunguza utendaji wa period kulivuruga mabadiliko ya kila siku ya rangi ya mwili, ilhali kuogelea kwa kufuata maji kuliendelea. Kinyume chake, katika Parhyale hawaiensis, utafiti wa mwaka 2023 ulionesha kwamba Bmal1 ilipolemazwa, mwenendo wa kufuata maji ulipotea. Hivyo basi, Bmal1 ikipungua kwa mnyama mzee, upungufu huo pekee hauthibitishi kudhoofika kwa saa ya siku.

Aidha, usanifu wa utafiti unaweza kuzalisha uzee usiokuwapo. Maji kujaa huchelewa takribani dakika 50 kila siku. Vijana wakichukuliwa sampuli wiki moja kabla ya wazee, saa ileile ya mchana, tofauti ya maji hukaribia saa sita: waliokuta maji yamejaa hulinganishwa na waliokuta yamekupwa. Vilevile, wastani wa kundi unaweza kuonekana tambarare ingawa saa ya kila mnyama ina nguvu, iwapo saa hizo zimeachana tu.

Umri nao hauthibitishwi kwa ukubwa wa mwili. Kombe mmoja wa Arctica islandica kutoka Iceland alibainika kuwa na miaka 507 kwa kuhesabu pete za gamba lake.

Kwa mintarafu hiyo, hitimisho kuhusu uzee litakubalika pale tu umri unapothibitishwa, hali ya maji inapolinganishwa, na mienendo yote miwili inapopimwa kwa mnyama mmojammoja.