Hesabu ya Mpagazi

Chukua mpagazi mmoja. Mtwishe kilo 25 za unga na umwelekeze kwa kikosi kilicho mbele, mwendo wa siku kumi. Naye ana tumbo, kwa hiyo mpe kilo moja ya unga huohuo kila siku. Akifika atakuwa amekula kumi, na za kumrudisha ni kumi nyingine. Kikosi kinapata kilo tano. Askari akila kilo moja kwa siku, kumlisha yeye peke yake kunataka wapagazi wanne wanaopishana njiani bila kukoma. Sasa sogeza kikosi mbele siku mbili tu. Mpagazi anafikisha kilo moja, na askari yuleyule sasa anataka wapagazi 24. Sogeza siku moja zaidi, na mzigo wote unaliwa njiani. Jeshi limekwama, na adui hajafyatua hata risasi moja.

Tarakimu hizo nimezichagua mimi ili hesabu iwe nyepesi. Lakini umbo lake, namna siku mbili zinavyozidisha wapagazi mara sita, ndilo lililotawala vita vya Afrika Mashariki vya 1914 hadi 1918. Hiyo ni modeli ya kivita: ukubwa wake ni wa kuenea nyuma ya bahasha, nayo inamwambia jenerali jambo ambalo ramani yake haimwambii.

Nazungumzia ufundi huu wa modeli nikiwa Ziwani, Eastlands ya Nairobi, kwa sababu hapa jirani ni Kariokor. Leo watu huenda kule kutafuta viondo, viatu vya ngozi na nyama choma, na wengi wanajua kwamba jina limetokana na kikosi cha wapagazi wa Mwingereza kilichokuwa na kambi yake pale. Dar es Salaam wana Kariakoo yao, iliyotokana na wapagazi haohao.

Jenerali Jan Smuts aliposhika uongozi wa majeshi ya Waingereza Februari 1916 alipenda mwendo wa kasi na kumzunguka adui. Kwenye ramani ilipendeza. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alirudi nyuma, akapita Morogoro, akavuka Rufiji, na kila aliporudi njia ya posho ya Waingereza ilirefuka. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Magari yalizama matopeni. Kikabaki kichwa cha mtu. Kufikia 1917 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwakamata wanaume vijijini kwa wingi ili kujaza pengo ambalo penseli na dakika tano zingelionyesha mapema.

Maafisa wa posho walijua kugawanya, tusiwaonee. Ila katika hesabu zao mpagazi alikuwa namba isiyobadilika, kifaa cha kusafirishia. Ongeza kigezo kimoja tu, ugonjwa. Watu waliotoka nyanda za juu zenye baridi walipelekwa mabondeni kwenye malaria, wakapewa unga wasiouzoea na usioiva vizuri, wakaendesha damu. Mgonjwa mmoja machelani hubebwa na wanne, na hao wanne hawabebi unga, ila kula wanakula. Tia hilo kwenye modeli yetu uone inavyoporomoka. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza ilipita 40,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Wengi wao waliuawa na maradhi.

Ndiyo maana nausifu ufundi huu bila haya, ingawa najua ni ufundi wa vita. Fundi mzuri wa modeli hujaribu kuweka mezani kila kitu ambacho mkubwa angependa kisionekane. Akishaandika kwamba mtu anakula kilo moja, yeyote anaweza kumuuliza: kwa nini moja? Akiugua je? Mvua ikinyesha je? Amri ya jenerali haiulizwi hivyo. Dhana iliyoandikwa inaulizika, hata na koplo.

Ufundi huo ulionekana mwaka 1942, huko Liverpool. Nyambizi za Wajerumani zilipokuwa zikizamisha meli za mizigo katika Atlantiki, Kapteni Gilbert Roberts alipewa vyumba na kuambiwa atafute dawa. Akafanya sakafu kuwa bahari ya mchezo wa vita. Wasaidizi wake walikuwa wanawake vijana wa jeshi la majini, wengi hawajawahi kusafiri na msafara hata mmoja. Manahodha waliokuja kujifunza walisimama nyuma ya mapazia ya turubai, wakachungulia kupitia matundu ili waone kile tu ambacho wangekiona wakiwa melini. Njia za nyambizi zilichorwa kwa chaki ya kijani iliyofifia, ili anayechungulia asiione. Napenda sana chaki ile! Ujinga wa nahodha baharini ulikuwa sehemu ya mchezo, umepimwa na kupakwa rangi. Kwa njia hiyo waligundua kwamba nyambizi zilikuwa zikiingia katikati ya msafara zikitokea nyuma, wakabuni mbinu ya kuzisaka. Amirali Max Horton, aliyekuwa nahodha wa nyambizi enzi zake, alikuja kujaribu. Alicheza upande wa nyambizi mara tano dhidi ya msichana aitwaye Janet Okell, akashindwa zote tano.

Ufundi huu huharibika pale mkubwa anapokataa kushindwa. Mwaka 2002 Marekani ilifanya zoezi kubwa la vita la Millennium Challenge. Jenerali mstaafu Paul Van Riper alipewa upande wa adui. Badala ya redio ambazo zingenaswa, alituma ujumbe kwa wapanda pikipiki (Eastlands hapa tungemwelewa mara moja), kisha akazamisha meli 16 za kivita. Za kwenye zoezi, bila shaka. Wasimamizi waliziibua meli, wakabadilisha masharti, na zoezi likaendelea hadi likampa ushindi aliyetakiwa kushinda. Van Riper akajitoa. Kosa kubwa halikuwa la modeli. Ilisema kweli, ikanyamazishwa.

Eastlands tunajua pia inavyokuwa mtu ukiwa alama kwenye meza ya mwingine. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil ya serikali ya kikoloni, askari na polisi wapatao 25,000 waliizingira Nairobi, wakaipekua mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba na kukamata maelfu kwa maelfu. Safu zilizonyooka za nyumba za manispaa ni rahisi kuzikata vipande kwenye mpango. Na mpango ule ulifanya kazi kama ulivyotakiwa. Zana ya kuhesabia haiulizi hesabu ni ya nini.

Siku hizi walinda amani hufunzwa kwa nchi isiyokuwepo. Inaitwa Carana, ina majirani Katasi, Rimosa na Sumora, na imetumiwa na Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, pamoja na zoezi la Amani Africa lililofanyika Addis Ababa mwaka 2010. Carana ina makabila, waasi, wakimbizi, uchumi uliodorora na serikali isiyoaminika, na mtu aliiandika yote hayo kwa subira ya mwandishi wa riwaya. Kwa kuwa si nchi ya mtu, afisa wa Kenya, wa Uganda na wa Rwanda wanaweza kubishana juu yake bila yeyote kuona bendera yake imetukanwa. Hapa Nairobi kwenyewe, Karen, kuna kituo cha kimataifa cha mafunzo ya ulinzi wa amani, na ningependa kujua nani hukaa upande wa pili wa meza mazoezi yanapoanza.

Ningekuwa na sauti, ningemweka kondakta wa matatu za Eastleigh. Huyo hahitaji kuelezwa kigezo ni nini. Kabla afisa hajamaliza kuonyesha mshale kwenye ramani, atakuwa ameshauliza mafuta ya kurudi yanatoka kwa nani, na barabara ikifungwa hapo Kariokor gari litapitia wapi.