Ramani na Mtoto wa Nanyamba: Tahakiki ya Somo la Jiografia katika Madarasa ya Chini

Ramani ni maandishi kama yalivyo maandishi mengine. Ina herufi zake, ambazo ni alama. Ina sarufi yake, ambayo ni kipimo na pande za dunia. Ina mwandishi wake, ambaye aghalabu hatajwi. Na ina msomaji wake, ambaye aweza kuisoma vyema au vibaya. Kwa hiyo si ajabu ikijadiliwa katika kurasa za lugha na fasihi. Nia ya insha hii ni kulipima somo la ramani kama linavyotolewa kwa watoto wadogo wa shule za msingi, na kulipima mahali pamoja, yaani Nanyamba, juu ya uwanda wa Makonde katika mkoa wa Mtwara, ili hoja isielee hewani. Dai lake ni hili: mtoto apaswa kuwa mtunzi wa ramani kabla ya kutakiwa kuwa msomaji wake, na akiisha kuwa mtunzi, apaswa kuonyeshwa yale ambayo ramani yake mwenyewe haiwezi kuyasema.

Kila aliyepita shule ya msingi katika nchi yetu aikumbuka desturi ya somo hili. Huanza kwa maana: ramani ni nini. Hufuata orodha ya vitu ambavyo ramani haina budi kuwa navyo: jina, fremu, ufunguo, kipimo na dira. Kisha ramani ya Tanzania hutundikwa ukutani, na watoto huimba majina ya mikoa, maziwa na nchi jirani. Haki yataka isemwe kwamba mwalimu mwenye darasa kubwa na ramani moja iliyochakaa hana njia nyingi, na kwamba majina yaliyohifadhiwa utotoni yafaa ukubwani. Lakini njia hii ni sawa na kumfundisha mtu lugha ngeni kwa kumkaririsha kanuni za sarufi, bila kumruhusu atamke sentensi moja iliyo yake. Matunda yake ni kwamba mtoto hushika kuwa kaskazini ni juu na kusini ni chini, kwa kuwa ndivyo zilivyo ubaoni. Naye akitolewa nje na kuulizwa kaskazini ni wapi, huinua kidole mbinguni.

Kosa hilo lahuzunisha zaidi kwa sababu Kiswahili kingeweza kumwokoa. Kaskazi ni upepo, na kusi ni upepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa Desemba hata Machi, na kusi hushika zamu yake baadaye. Na pande mbili za dunia zimepewa majina kwa pepo hizo, kwa ulimi wa watu waliosafiri kwa matanga. Mtoto aelezwaye haya, akasimama uwanjani siku yenye upepo, hataweza tena kuamini kwamba kaskazini ni ncha ya juu ya karatasi. Hata neno ramani lina hadithi yake. Lahusishwa na rahmani, kitabu cha manahodha wa Bahari ya Hindi, ambalo asili yake ni maneno ya Kiajemi yenye maana ya kitabu cha njia. Katika kitabu hicho nahodha alielezwa nyota za kufuata, bandari na miamba, kwa maneno. Basi ramani, kwa jina lake la zamani, ilikuwa masimulizi ya njia kabla ya kuwa picha ya nchi. Naona kwamba mtoto naye hupita katika daraja hizo mbili kwa mfuatano huo huo.

Ushahidi mmoja watoka karibu na hapa. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani wa makumbusho ya Leipzig, alisafiri katika nchi za kusini. Alipita Lindi na Masasi, akakaa Newala na Mahuta juu ya uwanda huu huu wa Makonde. Aliwapa watu karatasi na kalamu ya risasi, akawaomba wachore. Miongoni mwa michoro aliyoichapisha mwaka 1908 imo ramani ya mpagazi wa Kinyamwezi aitwaye Pesa Mbili, ionyeshayo njia kuu ya misafara baina ya Dar es Salaam na Tabora pamoja na vituo vyake. Huyu alikuwa mpagazi, hakuwa mpima ardhi. Nchi aliijua kwa nyayo na kwa uzito wa mzigo begani. Alipopewa karatasi aliipanga safari yake kituo baada ya kituo. Mwalimu aipatapo habari hii hana haki tena ya kusema kwamba fikra ya ramani ni kitu kigeni ambacho lazima kiletwe kutoka mbali na kumiminwa katika kichwa kitupu.

Basi mtoto wa Nanyamba aanzie wapi? Aanzie katika njia aijuayo, na kwanza aiseme. Asimulie atokavyo nyumbani hata shuleni: mikorosho ya nani huipita, njia huachana wapi, wapi mchanga huchosha miguu, wapi pana mteremko. Wenzake wamsikilize na kumsahihisha, kwa maana msikilizaji aliyepotea ni mkosoaji bora kuliko alama nyekundu ya mwalimu. Baada ya kusema, achore kwa kijiti mchangani. Na baada ya mchanga, karatasi.

Hapo patazuka swali lililo moyo wa jiografia ya uwanda huu. Udongo wake ni wa kichanga na huyanywa maji ya mvua upesi. Mito ya kudumu haiko juu, na chemchemi hutokea chini, kwenye miguu ya miteremko. Kwa vizazi vingi watu waliishi juu na kuteremka kuteka maji, kisha wakapanda na vichwa vyenye mizigo. Kwa nini watu wako juu na maji yako chini? Mtoto aliyeweka kisima na nyumba katika mchoro mmoja amekwisha kuliuliza swali hilo, hata kama hajapata maneno yake. Na ramani isiyozaa swali ni pambo la ukuta tu.

Lakini masimulizi ya njia yana upungufu, na hapa ndipo shule ina kitu cha kweli cha kutoa. Njia hupimwa kwa muda na kwa uchovu. Safari ya kupanda na ndoo ni ndefu kuliko safari ya kuteremka bila kitu, ijapokuwa ardhi ni ile ile. Ramani ya mtoto itaonyesha hivyo, nayo haitakuwa ya uongo. Itakuwa ya kweli kwa miguu yake. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha ukweli wa pili, yaani kipimo. Darasa lenye urefu wa mita 8 likichorwa kwa sentimita moja badala ya kila mita, laenea katika sentimita 8. Aliyelipima kwa hatua zake na kulichora hivyo ataelewa, atakapofika madarasa ya juu, kwamba katika ramani ya kipimo cha 1:50,000 sentimita mbili ni kilomita moja. Asiyepita hapo ataikariri hesabu hiyo kama dua ya lugha asiyoijua.

Wako wasemao kwamba mtoto mdogo hawezi kuiona nchi kwa jicho la ndege. Jean Piaget na Bärbel Inhelder, katika kitabu chao cha mwaka 1948, walionyesha jinsi mtoto apatavyo taabu kuwaza mandhari kama aionavyo mtu aliyesimama upande mwingine. Ni kweli. Lakini mwanajiografia James Blaut na wenzake walionyesha, karibu na mwaka 1970, kwamba watoto waanzao shule waweza kutambua nyumba na barabara katika picha zilizopigwa kutoka angani. Na mtoto wa nchi hii hahitaji eropleni. Hupanda mwembe akaona paa la jirani. Na apelekwaye Newala, akasimama penye Shimo la Mungu, huliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yake kama mkeka.

Pingamizi kubwa zaidi ni jingine. Yaweza kusemwa kwamba kuanzia nyumbani ni kumfungia mtoto wa shamba shambani, wakati mtoto wa mjini apewa tufe zima. Rousseau, aliyeandika mwaka 1762 kwamba jiografia ya mtoto ianze na mji akaamo na nyumba ya baba yake, alikuwa akimwaza mtoto mwenye mlezi wake peke yake na nafasi isiyo na kikomo. Naliheshimu pingamizi hili, kwa kuwa nyumbani paweza kuwa kisingizio cha kufundisha kidogo. Jibu lake ni kwamba nyumbani pa mtoto huyu pamepakana na ulimwengu. Mto Ruvuma watoka milima ya Matogoro karibu na Songea na kusafiri takriban kilomita 800 hata baharini. Ukutani, rangi ya nchi yetu hukoma kwenye mto huo. Lakini Wamakonde wako ng'ambo zote mbili, na mtoto aweza kuwa na bibi mzaa mama Msumbiji. Akifundishwa mstari bila historia yake, atajifunza kwamba bibi yake ni mgeni.

Na historia hiyo yafundishika. Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, ilitwaliwa na Wajerumani mwaka 1894. Wareno wakaitwaa mwaka 1916, na baada ya vita ikahesabiwa kuwa ya Msumbiji. Reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, imo katika ramani za miaka ya 1950. Katika miaka ya 1960 iling'olewa. Halmashauri ya Mji wa Nanyamba haimo katika ramani za miaka ya 1990. Mtoto aliyetunga ramani yake, akaamua mwenyewe kipi kiingie na kipi kiachwe, hatashangaa kuambiwa kwamba ramani ya ukutani nayo ilitungwa na mtu, mwaka fulani, kwa haja fulani. Mtoto aliyekariri tu atashangaa, au hataamini.

Mtaala uliotolewa mwaka 2023 umeleta katika shule za msingi somo la Jiografia na Mazingira. Jina hilo ni jema, lakini thamani yake itajulikana kwa kile kitakachotendeka uwanjani kabla ya kengele. Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alilalamika kwamba shule humtenga mtoto na jamii aliyokusudiwa kuitumikia. Somo la ramani ni mahali pamoja ambapo utengano huo waweza kuzibwa bila fedha nyingi. Mchanga upo, vijiti vipo, na njia ya kisimani ipo. Mwalimu na atoke nje na watoto wake, awaulize njia, na asione haya kuongozwa nao. Kisha arudi nao darasani na kuifungua ramani ya nchi, wapate kuitafuta Nanyamba yao ndani yake, na kuuliza kwa nini ipo au kwa nini haipo.