Namna ya Kuihukumu Pudini ya Mayai

Miongoni mwa vitamutamu viandaliwavyo katika nyumba za pwani, hasa nyakati za Ramadhani na sikukuu, ni vichache mno vilivyo na viambato haba kama pudini ya mayai, na kwa sababu iyo hiyo ni vichache vimfichuavyo mpishi upesi kama hiyo. Kwani apikaye biriani aweza kuusitiri upungufu wake kwa wingi wa bizari na kitunguu cha kukaanga, lakini aliyeshika mayai, maziwa na sukari peke yake hana pa kujificha. Basi mwenye kutaka kuitambua iliyo njema asiwe na pupa ya kuonja, maana nusu ya hukumu hutolewa na macho.

Itazame inapopinduliwa juu ya sahani. Iliyopikwa ipasavyo huachana na bakuli bila kushurutishwa, ikashuka nzima, ikatikisika kidogo na kutulia, na shira ya sukari iliyounguzwa ikaifuata ikitiririka ubavuni. Shira ikiwa haba, na sukari nyingi imesalia kitakoni mwa bakuli imegandamana, fahamu kwamba mpishi aliharakisha. Sukari ile huyeyuka polepole kwa unyevu wa pudini yenyewe, nayo yataka ilale usiku kucha mahali pa baridi. Rangi pia ni shahidi. Shira ya manjano hafifu ni utamu mtupu, na iliyo nyeusi ina uchungu ambao hakuna dawa yake; itakiwayo ni ya kahawia iliyoiva, yenye uchungu mdogo nyuma ya utamu, na baina ya hiyo na iliyoungua pana muda wa kugeuza uso tu.

Kisha ikate. Uso wa kipande sharti uwe laini, wenye kung'aa, usio na tundu, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mayai yaliyochanganywa na maziwa na sukari huganda yafikapo joto la digrii 80 au kupita kidogo, ilhali maji yachemkayo yana digrii 100. Kwa hiyo bakuli lililotiwa ndani ya sufuria ya maji yanayotokota kwa fujo hupata joto kupita haja yake, mayai yakajikaza na kuyatoa maji yaliyokuwa yameyashika, na mvuke ukaacha vijitundu kila mahali. Mpishi stadi hutandika kitambaa chini ya bakuli, akayaacha maji yatetemeke tu, na kifuniko akakifunga kitambaa kingine ili matone ya mvuke yasidondoke juu ya pudini. Maji mepesi yanayochuruzika sahanini, yasiyo na rangi ya shira, ni dalili ya kosa lilo hilo. Wapo wanaoyasifu matundu kwa hoja kwamba hunywa shira. Nawaachia ladha yao, ila nionavyo mimi wapendacho ni mkate uliolowa.

Si kila tundu limetokana na moto, lakini. Mayai yakipigwa hadi kutoa povu, hewa ile huganda pamoja nayo. Yafaa yavurugwe taratibu, kisha mchanganyiko uchujwe kwa kitambaa chepesi ili zile kamba za ute zibaki nje.

Kuhusu kadiri, mayai manne kwa nusu lita ya maziwa yatosha kuisimamisha. Ute ndio uipao nguvu, na kiini ndicho kiipacho ulaini, hata wengine huongeza kiini kimoja au viwili. Unjano mkali usikughuri, kwani rangi ya kiini hufuata chakula cha kuku.

Ulimini, pudini njema huyeyuka bila kutafunwa, na shombo la mayai halisikiki. Iliki chache zilizotwangwa, au kungumanga kidogo iliyoparuzwa, huliondoa bila kuitawala ladha ya maziwa. Aliyezijaza zote mbili pamoja na vanila na marashi ya mawaridi huenda ana jambo analolificha. Iachayo utando mzito mdomoni, nayo ikikatwa haitikisiki, imetiwa unga wa kastadi. Unga huo Alfred Bird wa Birmingham aliubuni mwaka 1837 kwa ajili ya mkewe, ambaye mayai yalikuwa yakimdhuru. Ni msaada mwema kwa mwenye udhuru kama wake, bali kwa aliye na mayai jikoni ni uvivu.

Mwenye kuhukumu kwa insafu asitosheke na kipande cha ukingoni. Ukingo hupata moto mwanzo na huonyesha kama ulizidi. Katikati huganda mwisho na huonyesha kama ulitosha. Aombe kipande kirefu, tangu ukingo hadi kitovu, naye akile kikiwa baridi, kwa kuwa pudini ya moto haijakaza sawasawa na shombo lake huwa kali zaidi.