Punda wa Kyuso bado hajapata mshairi

PUNDA afe, mzigo ufike. Ndivyo methali inavyosema, na nyingine inamsuta eti fadhila zake ni mateke. Hebu jiulize, msomaji: nani anazungumza humo? Mwenye mzigo, nani mwingine?

Hapa Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, kiangazi kikikaza maji huchimbuliwa katika mchanga wa mito iliyokauka, na punda, ing'oi kwa Kikamba, ndiye anayeyafikisha nyumbani. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 mgongoni, na kesho tena. Ndiyo maana vijana wa shule huniletea mashairi ambamo punda analalamika. Nayapokea kwa furaha. Ila mengi hayafiki ubeti wa tatu kabla punda hajageuka mwananchi, mzigo ukawa ushuru, na mwenye kiboko akawa mbunge. Punda mwenyewe kashaenda zake!

Mtindo huu una wakubwa wake. Mamba wa Abdilatif Abdalla katika Sauti ya Dhiki (1973) ni mtawala. Mshairi aliyefungwa alihitaji kinyago hicho. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, manyani wanaochapwa kila usiku wanatutia huruma, lakini tunakuja kujua kuwa ni watu. Sina ugomvi na istiari. Nauliza tu kama mnyama anaweza kuhurumiwa akiwa mnyama.

Anaweza, na jibu ni la zamani kuliko vitabu hivyo. Katika Utenzi wa Ngamia na Paa, wanyama wanamlilia Mtume. Ngamia anaogopa kuchinjwa. Paa aliyenaswa anawawazia watoto wake wanaongoja kunyonya. Maziwa yale huwezi kuyageuza ushuru. Kila mmoja anasema kutoka mwilini mwake, na yupo wa kumsikiliza.

Punda wetu amsemeze nani? Biashara ya ngozi, zinazochemshwa kutengenezea dawa ya Kichina iitwayo ejiao, ilipopamba moto, punda waliibwa usiku na kuchinjwa. Februari 2020 serikali ya Kenya ilitangaza kupiga marufuku uchinjaji huo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Vyema. Lakini sikiliza kilio cha vijijini wakati ule: nani sasa atanibebea maji? Hata aliyemwokoa punda na kisu alimtaka arudi chini ya sogi. Simlaumu, maji ni uhai, na mama anayeswaga punda huyo naye hajapumzika. Hapo ndipo penye shairi gumu, na bado sijaliona. Mbunge hatoshi kuwa mkosaji wake, kwa kuwa mnyonyaji katika shairi hilo ni mtu mwema mwenye kiu.

Anayetaka kulijaribu aanzie kwenye kamba ile ipitayo chini ya mkia, inayochuna ngozi mzigo unapoteremka ng'ambo ya mto.