Insha Isiyoanza na Jogoo

Kila mwalimu wa Kiswahili anaijua insha ya "Siku Nisiyoisahau". Jogoo anawika, jua linachomoza kwa madaha, ndege wanatumbuiza, mama anaita, wezi wanavamia, na mwishoni mwandishi anazinduka kitandani: kumbe ilikuwa ndoto! Jogoo huyo anawika Tanga, anawika Sumbawanga, anawika hata Mbamba Bay, ambako kinachoamsha watu ni injini za boti na kelele za wanunuzi wa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Siwalaumu watoto. Tumewafundisha kwamba insha ni mahali pa kumwaga misemo, na wao ni watiifu.

Hata hivyo, insha ya mwanafunzi ni ufundi ninaouheshimu kuliko tanzu nyingi zenye majina makubwa. Vifaa vyake ni daftari na kalamu. Muda wake ni kipindi kimoja, viwili kukiwa na bahati. Msomaji wake ni mmoja tu, naye amechoka. Katika hali hiyo kijana wa miaka 15 anatakiwa achukue jambo analolijua, alipange, alifikishe kwa asiyelijua. Riwaya huweza kubebwa na kisa, na shairi likabebwa na sauti. Insha ikikosa la kusema imekwisha.

Twende basi milimani Mbinga, Litembo au Maguu, kwenye miteremko ambayo mgeni hujiuliza mtu anasimamaje, achilia mbali kulima. Mpe mwanafunzi wa huko mada hii: nieleze jinsi ngolo inavyochimbwa, mimi ninayetoka mjini na sijawahi kushika jembe kwenye mlima.

Hapo hana budi kuanza na majani. Mvua zinapoelekea mwishoni, mwezi wa tatu hivi, wanaume hufyeka majani ya shamba na kuyaacha yanyauke. Yakishakauka hupangwa kwa mistari inayokatana mpaka shamba zima linakuwa miraba mitupu. Ndipo wanawake wanaingia na majembe. Udongo wa katikati ya mraba unatupwa juu ya majani, pande zote nne. Maharage yanapandwa juu ya matuta hayo. Halafu shimo linachimbwa zaidi ili udongo wake ufunike mbegu. Kinachobaki ndiyo ngolo: shimo la kukinga maji ya mvua, limezungukwa na matuta ambayo majani yake yanaoza taratibu na kuwa mbolea. Maharage yakishavunwa, mvua mpya zikianza, mahindi yanafuata juu ya matuta yale yale. Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo, wamelima hivyo kwa zaidi ya miaka 100, na ndiyo sababu udongo wao bado uko mlimani.

Tazama kilichompata mwandishi wetu. Kwa kuwa hawezi kuchimba kabla ya kufyeka, aya zake zimejipanga zenyewe. "Yakishakauka", "ndipo", "halafu", "ili": viunganishi ambavyo mwalimu huviorodhesha ubaoni vimekuja vyenyewe, kila kimoja na kazi yake. Na akifika katikati, ikiwa ni mtu wa kufikiri, kalamu itasita. Kwa nini baba apange majani na mama achimbe? Nani anarudi nyumbani amechoka zaidi? Akithubutu kuuliza hilo kwenye karatasi, ameshatoka katika insha ya maelezo na kuingia katika insha ya hoja, na hakuna aliyemsukuma.

Kuna mwanafunzi mmoja aliyewahi kupita njia hiyo na kufika mbali. Mwaka 1944, akiwa Makerere, Julius Nyerere aliandika insha kuhusu hali ya wanawake. Alikuwa amemsoma John Stuart Mill, Mwingereza aliyechapisha kitabu juu ya suala hilo mwaka 1869. Mwanafunzi mwingine angeishia kumsifu Mill na kumnakili. Nyerere aliyachukua mawazo yale akayapeleka nyumbani, kwa Wazanaki, akayapima huko. Alikuwa na cha kupimia: mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano wa Chifu Burito, aliyekuwa na wake 22. Miaka mingi baadaye insha hiyo ya mwanafunzi ilichapishwa kuwa kitabu, Uhuru wa Wanawake. Mbinga nayo ina mtu wa kutaja, maana Benjamin Mkapa alisoma seminari ya Kigonsera kabla ya kwenda Pugu na Makerere, akawa mhariri wa magazeti kabla hajawa Rais.

Insha ya fasihi ina balaa lake. Mtahiniwa wa kidato cha nne ameambiwa atoe hoja tatu kwa kila kitabu, naye anazitoa kama zilivyo kwenye kijitabu cha maswali na majibu: umaskini, ulevi, nafasi ya mwanamke. Ukisoma karatasi ya kumi hujui tena kama mwandishi amekifungua kitabu chenyewe. Lakini tuseme huyu ni mtoto wa pwani ya Ziwa Nyasa! Katika Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, Zita na Peter wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Mtahiniwa wetu anao wenzake waliokaa nyumbani wakisubiri usipa ukauke, uuzwe, daftari zinunuliwe. Katika Ngoswe ya Edwin Semzaba, karani wa sensa anafika kijijini, anazama katika mapenzi, na karatasi za serikali zinaishia motoni. Kijiji gani cha huko hakijawahi kupokea karani mwenye kalamu mfukoni? Hoja ziwe tatu, siwapingi watahini. Ninachoomba ni kwamba angalau moja ipitie kwake kabla ya kufika kwangu.

Wala sina ugomvi na utangulizi, kiini na hitimisho. Wamatengo walikuwa na sengu, ambapo watu wa ukoo walikula pamoja, wakazungumza mambo yao, na vijana wakafundwa humo humo. Asiyejua zamu ya kusema na mahali pa kuishia hakusikilizwa hata huko. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, aliona umuhimu wa kuwapa wanaojifunza mifano ya kufuata. Kitabu chake, Kielezo cha Insha, kilitoka Johannesburg mwaka 1954, kwenye matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, safari ndefu kwa kitabu cha Mswahili wa Tanga. Kielezo hutazamwa ili kuona fundi alivyofanya. Shida yetu ni kwamba wengi wanakikariri.

Nusu ya ufundi huu iko kwenye kalamu nyekundu. Mwalimu mwenye lundo la madaftari mezani ataandika "Vema" au "Jitahidi" na kufunga, nami namwelewa. Ila kuna walimu wanaoandika swali dogo pembeni. Mtoto kaandika kwamba ziwa lilichafuka. Pembeni pameandikwa: upepo ulitoka upande gani? Anayeishi Liuli anajua jibu, maana mvuvi asiyejua upepo wa mwera hafiki umri wa kupata wajukuu. Rasimu ya pili itakuwa na mwera, na mtumbwi uliogeuzwa kufuata wimbi. Alama zinaweza kubaki zile zile, lakini mtoto ameshajua kwamba kuna mtu anamsoma. Karatasi ya mtihani wa taifa hairudi kwa aliyeiandika, kwa hiyo somo hilo hupatikana kwenye daftari la darasani tu.

Ningepewa kidato cha tatu cha wilaya ya Mbinga au Nyasa kwa muhula mmoja, mada zangu zingekuwa hizi. Jinsi ya kuanika usipa siku ya mawingu. Kahawa ya nyumbani ilipimwa lini, ililipwa lini, na fedha ilikwenda wapi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliacha mgogoro kuhusu ziwa, Malawi ikidai mpaka uko ufukweni kwetu na Tanzania ikisema uko katikati. Mtetee Mmalawi mpaka aridhike, kisha umjibu. Mama ntilie wa stendi ya Mbinga angemwambia nini Zita? Kurasa mbili, mwisho wa kukusanya Ijumaa.