Kipimo cha Mkono

Iko desturi moja katika biashara ya magari yaliyokwisha kutumika ambayo ni nadra kumsikia mtu akiihoji. Mnunuzi hulizunguka gari mara mbili, hulipiga teke tairi, kisha husimama kwenye kona ya mbele, akaweka viganja juu ya madigadi na kulikandamiza gari kwa uzito wake wote. Akiachia, gari likapanda mara moja na kutulia, basi hukumu imetolewa: shokapu nzima. Muuzaji hutabasamu, na mazungumzo ya bei huanza. Mimi nadhani kipimo hiki kinaheshimiwa kuliko kinavyostahili, na hasa kinapotumiwa kwa gari la kispoti, heshima hiyo inaweza kumgharimu mtu akiba yake au maisha yake.

Nisikionee. Kipimo chenyewe kina msingi. Uzito wa gari hubebwa na springi, si shokapu. Kazi ya shokapu, ambazo wengine huziita shokomzoba, ni kuituliza springi ili isiendelee kucheza baada ya tairi kukanyaga shimo au tuta. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vali zenye matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Mafuta yakivuja au vali zikichakaa, springi hubaki bila mtulizaji. Kwa hiyo gari dogo la familia lenye springi laini likiendelea kupanda na kushuka mara tatu au nne baada ya kuachiwa, shokapu ya kona hiyo imekwisha, na hapo sina ubishi na mtu. Ubishi wangu ni juu ya gari linalotulia. Kipimo kinaweza kumtambua mgonjwa mahututi, lakini hakiwezi kumpa mtu cheti cha afya.

Tuchukue mfano wa Subaru Impreza WRX, gari linalopendwa sana na vijana wetu. Lilitoka mwaka 1992, na ushindi wa Impreza katika Safari Rally, mwaka 1997 likiendeshwa na Colin McRae na mwaka 2000 likiendeshwa na Richard Burns, uliliongezea jina huku kwetu. Mengi yaliyopo barabarani yaliletwa kwa meli kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumikia watu wengine. Springi zake ni ngumu, na mikono ya mtu huzisogeza kidogo tu. Tena katika vizazi viwili vya mwanzo vya gari hilo, kila gurudumu lilishikwa na shokapu ambayo yenyewe ni nguzo. Nguzo hiyo hubeba hata nguvu za pembeni, na fimbo yake husuguana na bomba lake. Msuguano huo peke yake unaweza kulituliza gari lililokandamizwa polepole, hata kama vali zimechoka. Mkono husukuma taratibu, lakini shimo la barabarani kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa hupiga ghafla. Vali hujibu kila mwendo kwa namna yake, na sisi tumeiuliza swali jepesi tu.

Liko na jambo baya zaidi. Vijana wengi hukata springi ili gari likae chini na kupendeza. Gari la namna hiyo huwa karibu limekalia raba za kuzuia kishindo, halina pa kwenda. Likandamize utakavyo, halitacheza. Kwa kipimo cha mkono, gari lililoharibiwa kuliko yote ndilo linalofaulu kuliko yote!

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinunua gari la aina hiyo baada ya watu watatu kulikandamiza na kuridhika. Wiki chache baadaye, kwenye kona yenye lami iliyojaa mawimbi ya magari mazito, sehemu ya nyuma iliruka na kuhamia pembeni. Alinusurika kwa kuwa upande wa pili hapakuwa na gari. "Mzee, nilihisi kama nimekanyaga mafuta," aliniambia. Tulipolipandisha jeki nilipitisha kiganja juu ya matairi ya nyuma. Yalikuwa na mabonde na vilima kuzunguka duara lote, kwa sababu gurudumu lilikuwa likirukaruka badala ya kukanyaga lami. Ulaji wa namna hiyo hauji kwa siku chache. Ushahidi ulikuwapo siku ya mauziano, ila waliohukumu walikuwa wakitazama juu.

Kwa hiyo mimi ningeanza na matairi. Mabonde ya mzunguko huelekeza kwenye shokapu, ingawa gurudumu lisilosawazishwa nalo huweza kuyaleta. Tairi lililoliwa upande wa ndani pekee huelekeza kwenye alaimenti au bushi zilizolegea. Kisha ningechungulia shokapu zenyewe: unyevu mwembamba uliokamata vumbi si msiba, lakini mafuta yanayotiririka ni msiba. Baada ya hapo ningeomba barabara. Kwenye lami yenye mawimbi, gari zima hupanda, hushuka na kutulia. Lililochoka huelea kama mashua na kuchelewa kutulia. Ukishika breki kwa nguvu, pua huzama kupita kiasi. Katika kona yenye mashimo madogo, nyuma hurukaruka na kutaka kutoka nje. Hayo ndiyo maswali ambayo mkono hauwezi kuyauliza.

Haki inadai pia niukosoe upande wa pili, yaani fundi anayesikia "ko-ko-ko" na kutangaza mara moja kwamba shokapu zote nne zimekufa. Shokapu iliyochoka mara nyingi haisemi kitu. Mlio wa haraka kwenye vijiwe vidogo, gari likienda polepole, mara nyingi hutoka kwenye linki za stabilaiza. Mlio unaosikika ukizungusha usukani gari likiwa limesimama huweza kutoka kwenye mauntingi ya juu ya shokapu. Gari linalovutwa upande ukishika breki huweza kuwa na bushi za mkono wa chini zilizopasuka, na hizo hujulikana kwa mtaimbo, gari likiwa juu ya vigingi imara. Boljointi iliyolegea nayo haifai kusubiri mwisho wa mwezi, kwa maana ikichomoka gurudumu hulala. Hata shokapu za baadhi ya matoleo ya STI, zilizofungwa kichwa chini, huweza kugonga kwa kukaukiwa grisi tu. Kununua seti nzima ya shokapu ili kutibu linki moja ni ujinga uleule wa kukandamiza madigadi, ila huu una risiti.

Lakini jambo linalonifikirisha zaidi ni shahidi tunayemwamini, yaani mwenye gari. Shokapu hazifi siku moja. Kila mwezi hupoteza kidogo, na kila mwezi dereva hupunguza mwendo kidogo kwenye kona ileile, hushika usukani kwa nguvu kidogo zaidi, bila kujua kwamba amebadilika. Muuzaji anaposema gari halina tatizo huenda anasema kweli yote aijuayo. Ndiyo maana sipendi lugha ya kuwaita wauzaji wote wezi. Tatizo hilo hudanganya hata watu waaminifu, na mtu wa kwanza kulizoea ni yule anayelala na ufunguo.

Basi anayenunua asafiri na mtu ambaye hajawahi kulipanda gari hilo, na ikiwezekana apande kwanza jingine la aina hiyo lililo zima. Akikuta shokapu moja imekwisha, ahesabu bei ya mbili, kwa sababu hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia. Bushi za raba zikibadilishwa, bolti zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo raba itakaa imejikunja na kupasuka mapema. Baada ya hapo alaimenti ipimwe. Gharama hizo zote ziingie katika mazungumzo ya bei kabla fedha haijatoka mfukoni. Na muuzaji anayeruhusu gari likandamizwe asubuhi nzima, lakini akakataa lisitoke nje kwa dakika 20, huyo aachiwe gari lake.