Shahada ya Chuma na Shahada ya Rangi

Kombora la mazoezi lina sharti moja gumu, nalo ni kuruka sawasawa na kombora la vita, ili mpiga mzinga anayejifunza shabaha asidanganywe na uzito wala umbo. Na kwa sababu hiyo gamba lake aghalabu ni lile lile la vitani, ila ndani, badala ya kilipuzi, hujazwa mchanga, plasta au kitu kinginecho kizito kisicholipuka. Maadamu umbo haliwezi kuyapambanua mawili hayo, jeshi la Marekani, ambalo taratibu zake ndizo ninazozichambua hapa, lilitegemea alama.

Alama hizo zilitiwa mahali pawili na mikono miwili tofauti, na hili ndilo jambo ambalo mchunguzi hana ruhusa ya kughafilika nalo. Katika karakana ya chuma, gamba lingali tupu, ziligongwa juu kidogo ya mkanda wa shaba unaolizunguka alama za kipenyo, muundo, fungu, mwaka na herufi za mtengenezaji. Baadaye, kwenye kiwanda cha kujazia, ndipo lilipopakwa rangi na kuandikwa maneno kwa kigezo kilichotobolewa: juu ya kombora la mzinga wa hauitza wa milimita 105 utasoma "105 H", "SHELL M1" na jina la kilipuzi, mathalani TNT, pamoja na viraba vidogo vinavyomjulisha mpigaji uzito wa kombora lile, apate kurekebisha masafa.

Kwa hiyo chapa ya chuma hueleza nasaba ya gamba, na rangi hueleza kilichomo. Na msiba ni kwamba ile idumuyo ardhini miaka na miaka ndiyo isiyojibu swali la uhai na mauti.

Rangi zenyewe nazo zilibadilika. Zamani kombora la kilipuzi kikali lilikuwa manjano mwili mzima, hata wakati wa Vita Vikuu vya Pili likageuzwa kuwa la kijani cha zaituni lenye maandishi ya manjano, kwani rangi ile ing'aayo ilionekana kwa mbali mno. La mazoezi likabaki buluu, maandishi yake meupe. Lakini buluu si ahadi ya usalama. Mengi ya mazoezi yalitiwa baruti kidogo ya kutoa moshi, ili mtazamaji aone yalipoangukia, na katika utaratibu wa baadaye mkanda wa hudhurungi juu ya buluu ndio uliotangaza jambo hilo, na ule wa manjano ukatangaza kilipuzi kikali.

Hutazamwa pia mkanda wa shaba. Ukiwa laini, kombora halikupata kupigwa. Ukiwa na mifuo ya mshazari, limepita katika kasiba, na kishindo na mzunguko wa safari ile vyaweza kuwa vimekwisha kukitayarisha kiwashio chake. Lililopigwa nalo likabaki zima ndilo la kuogopwa kuliko yote, japo limebaki na rangi ya buluu.

Hukumu yangu ni kwamba kombora la zamani lililoliwa na kutu haliwezi kuitwa la mazoezi kwa chapa peke yake, wala kwa rangi peke yake. Ewe msomaji, ukilikuta shambani au ufukweni, usiliguse wala usilipanguse kutu usome herufi. Weka alama kwa mbali, uwazuie watoto, ukawaarifu polisi au jeshi.